Tanbihi kutoka Kitangari

Mimi nilibeba ubao.
Miaka sita kazi yangu ilikuwa hiyo: ubao wa mninga
uliochongwa Masasi, upande mmoja sentimita,
upande wa pili alama za meno
ya mtoto aliyeung'ata akidhani namlaza kwa sindano.

"Shika visigino," alikuwa akisema Dokta Fidea.
"Magoti yanyooke. Usimkandamize, mtoto si mkeka."
Kisha huinama hadi jicho lilingane na utosi,
akasoma taratibu, kama anayesoma barua ya msiba:
sabini na nne, nukta mbili.
Tena.
Sabini na nne, nukta mbili.
Kila mtoto mara mbili, hata jua likiwaka,
hata mama akinung'unika kwamba fundi cherehani
hupima mara moja na nguo inakaa.

Msimu wa korosho tulikuta milango imefungwa kwa kamba.
Tukawafuata mashambani.
Watoto wamekaa chini ya mikorosho,
vifua vina madoa ya mabibo yasiyotoka kwa sabuni,
wadogo wananyonya bibo, wakubwa wananyonga korosho,
na korosho zinaingia guniani, gunia linakwenda ghalani,
na kutoka ghalani sijui, waulize wenye meli.
Dokta akaokota moja. "Na hizi, watoto wanakula?"
Mama Chande alicheka mpaka akashika kiuno.
"Hizo ni ada ya shule, Dokta. Ada hailiwi."
Dodoso halikuwa na kisanduku cha jibu hilo.
Aliliandika kiganjani, kwa kalamu,
na siku mbili nilimwona akinawa mkono mmoja.

Namba mia nne kumi na mbili tulimpima mara tatu.
Safari ya nne tulikuta watu wamekaa chini, wamenyamaza,
nikaushusha ubao kabla hatujafika uani,
nikauegemeza kwenye mhogo, nikaona aibu nao.
Dokta alivua viatu. Alikaa mkekani hadi alasiri.
Baadaye kijana wa kompyuta alipiga simu kutoka Dar:
kuna njia, alisema, ya kuziba pengo
kwa wastani wa wenzake.
"Huyu hana wastani," Dokta akamjibu. "Acha wazi."
Usiku, koroboi ikipepesuka, akaniuliza: "Aliitwa nani?"
"Sijaona," nikasema. "Sijaona Bakari."
Akalirudia polepole, mara mbili,
kama kipimo.
Kwenye makala halimo. Sheria za utafiti hazitaki jina.
Lipo pengo tu, safu ya nne, nyeupe.
Mimi nalijua.

Juzi mwanangu kanionyesha simu:
makala ya Dokta imenukuliwa mara elfu moja mia tatu na sitini.
Yuko Mjapani, yuko Mbrazili, wako watu wa Uholanzi.
"Kunukuliwa ndiyo nini, mama?"
Ni mtu kusema ulilosema, nikamwambia, na akakutaja.

Jana, foleni ya maji. Bomba linatoa uzi.
Mbele yangu binti, hana hata miaka ishirini,
mgongoni kichanga, anamweleza mwenzake:
"Korosho zilizokataliwa ghalani usizitupe.
Zibangue, zikaange, zitwange, tia kwenye uji.
Na yai mpe. Eti atakuwa mwizi! Nani kaiba kwa yai?
Halafu ongea naye, hata kama hajibu. Anasikia."
Mwenzake akauliza, "Nani kakufundisha hayo?"
Binti akainua bega. "Si ndivyo tunavyofanya?"

Hakutaja jina. Hakutaja mwaka wala ukurasa.
Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema
visigino, magoti, utosi, nukta mbili,
ningesema hata la mkono ule usionawa.
Lakini kichanga kiligeuka kikanitazama,
na mimi, kwa mazoea, nikamkadiria kimo.

Hajambo. Amekaa vizuri kwenye mstari.
Nikasukuma ndoo yangu mbele.